Kampuni ni yangu na mume wangu nusu kwa nusu: tunaweza kupata cheti cha MBE cha jimbo la Ohio?

Mama_Usafi_Dayton aliandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu nawasalimu. Nimesoma mijadala ya hapa kwa muda mrefu bila kuandika, lakini leo nina jambo linaloninyima usingizi, nami naomba msaada wa mtu aliyekwisha kupita njia hii.

Mimi na mume wangu tuna kampuni ya usafi hapa Dayton, ambayo tuliiandikisha kwa Katibu wa Jimbo la Ohio mwezi Machi 2023 kwa ada ya dola 99. Mimi nilifika Marekani mwaka 2016 kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ambako wazazi wangu walikimbilia wakitoka Kongo, na niliapishwa kuwa raia mwaka 2022. Mume wangu alifika mwaka 2021, naye kwa njia ya ukimbizi, tukafunga ndoa mwaka huohuo. Kadi ya ukaazi wa kudumu anayo, ila uraia hajauomba. Tuna wafanyakazi sita, na kazi zetu zote kwa sasa ni za watu binafsi: zahanati mbili za meno, kanisa moja, na ghala moja tunalolisafisha kuanzia saa nne usiku, malori yakishaondoka.

Nimeelezwa kwamba jimbo hutenga sehemu ya manunuzi yake kwa kampuni zinazomilikiwa na watu weusi na jamii nyingine zilizonyimwa nafasi kwa miaka mingi, na kwamba ili kampuni iingie humo ni lazima iwe na cheti kiitwacho MBE. Nilifungua ombi kwenye mtandao, nikajaza kurasa za mwanzo bila shida, kisha nikakwama kwenye ukurasa wa umiliki. Mkataba wetu wa uendeshaji wa kampuni, ambao tuliunakili kutoka mtandaoni usiku mmoja bila kuuliza mtu, unasema kila mmoja wetu ana asilimia 50, na kwamba maamuzi yote makubwa ni lazima yakubaliwe na wote wawili. Akaunti ya benki ilifunguliwa kwa jina la mume wangu peke yake kwa sababu wiki ile mimi nilikuwa hospitali, nimejifungua. Gari la kazi pia lina jina lake. Hata hivyo, anayekagua jengo jipya na kupanga bei ni mimi, anayeajiri ni mimi, na mfanyakazi asipotokea usiku ni mimi ninayebeba dekio na kwenda.

Kuna jambo la pili. Mkandarasi mmoja wa kupaka rangi, ambaye huwa tunasafisha majengo baada ya watu wake kumaliza, ametushauri tuiandike kampuni yake chini ya jina langu kwa asilimia 51. Yeye ataendelea kuiendesha kama kawaida, na mimi nitapata asilimia 5 ya kila malipo yatakayotoka serikalini. Anasema ndivyo kila mtu anavyofanya. Mume wangu hataki kabisa kusikia habari hiyo, nami moyo wangu unaniambia ana haki, lakini ningependa kuwa na hoja ya kumjibu mkandarasi huyo badala ya hisia tu.

Naomba mnieleze: hiyo nusu kwa nusu inatufungia mlango? Na tukiirekebisha leo, tunaweza kuomba kesho?

Baba_Furaha aliandika:

Dada, karibu sana, na hongera kwa kazi. Nitaanza na huyo mkandarasi wa rangi, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuharibia mengine yote uliyoyajenga.

Usikubali. Sheria ya Ohio inasema kwamba mtu anayejifanya kwa makusudi kuwa mmiliki au mwendeshaji wa kampuni ya aina hii ili kupata mikataba hiyo ana hatia ya wizi kwa njia ya udanganyifu, na atakayesomwa kwenye karatasi kuwa mmiliki ni wewe. Yeye akibanwa atasema alikuwa mfanyakazi wako. Tena fikiria nyumba yako: wewe ni raia, mume wako bado. Mtu mwenye kadi ya ukaazi akiguswa na kesi ya udanganyifu anaweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji, na hakuna asilimia 5 inayolipa jambo hilo. Mjibu hivyohivyo, kwa maneno machache, na umjibu kwa maandishi ili ibaki kumbukumbu kwamba ulikataa.

Sasa turudi kwa kampuni yenu. Sheria ya MBE inataka mambo kadhaa kwa pamoja: wamiliki wenye angalau asilimia 51 wawe raia wa Marekani, wawe wakazi wa Ohio, wawe wa mojawapo ya makundi yaliyotajwa, na wawe wao wanaoiongoza kampuni siku hadi siku. Mume wako ni mweusi kama wewe na anakaa Dayton kama wewe, lakini kwa kuwa si raia, nusu yake haihesabiwi. Kwa hiyo mbele ya jimbo kampuni yenu ina asilimia 50 tu zinazokubalika, na hiyo moja iliyopungua inatosha kulikataa ombi.

Wengi wetu tunasikia 51 na tunadhani tukibadilisha tarakimu kwenye karatasi kazi imekwisha. Kaa na lile neno la kuongoza. Mimi nina kampuni ya kuwapeleka wagonjwa na wazee hospitali kwa miadi. Nilipoomba mara ya kwanza nilikuwa na asilimia 60 na rafiki yangu asiye raia 40, nikaona nimevuka mstari kwa mbali. Ombi likakataliwa, na barua ilinukuu kifungu cha mkataba wetu wenyewe, kilichosema kwamba mkopo, ununuzi wa gari na kuajiri meneja vinahitaji kibali cha wote wawili. Maana yake rafiki yangu, kwa asilimia zake 40, aliweza kunizuia kufanya jambo lolote kubwa, na mtu anayeweza kuzuiwa namna hiyo hahesabiwi kuwa ndiye anayeongoza. Kosa lilikuwa langu, nilitia sahihi kitu nisichokisoma. Kifungu chenu cha maamuzi makubwa ni kilekile, dada yangu. Hata ukijipa asilimia 90, kikibaki pale kitakuangusha.

Nilipoomba tena baada ya kurekebisha, afisa alizungumza nami kwa muda mrefu, na karibu maswali yote hayakuhusu karatasi. Aliniuliza lifti ya kiti cha magurudumu inachukua dakika ngapi kumpandisha mgonjwa mmoja, na hizo dakika nazihesabuje ninapopanga safari za asubuhi. Aliniuliza gari likiharibika saa kumi na moja alfajiri ni nani anayepigiwa simu, na nani ana mamlaka ya kumpa fundi kazi bila kumwuliza mtu mwingine. Wewe watakuuliza jengo la futi za mraba 10,000 unalipangiaje bei, sakafu ya vigae na ya zulia zinatofautiana vipi kwa saa za kazi, na dawa gani hairuhusiwi kwenye chumba cha daktari wa meno. Kwa maelezo yako nadhani utayajibu bila kutikisika, kwa sababu unayafanya kila siku. Kiingereza chako kisikutie hofu. Jibu kwa sentensi fupi zilizo kweli.

Nenda benki wiki hii. Kadi ya sahihi ya akaunti ni miongoni mwa karatasi wanazoziangalia mapema, na kampuni ambayo mwanamke anasema ni yake huku hawezi kutoa hundi haieleweki mbele ya mtu yeyote.

Mhasibu_Columbus aliandika:

Mama, pokea salamu. Baba Furaha ameeleza vizuri, nami nitaongeza upande wa kodi, kwa sababu mafaili mengi yanayoletwa kwangu yakiwa yamekwama yamekwamia hapo.

Kampuni ya LLC, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo kama yenu, yenye wamiliki wawili, hata wakiwa mke na mume, katika jimbo kama Ohio huhesabiwa na idara ya kodi ya shirikisho kuwa ni ubia. Inatakiwa kujaza fomu 1065, yaani marejesho ya kodi ya ubia, kila mwaka kufikia tarehe 15 Machi na kumpa kila mmiliki hati ya K-1 inayoonyesha sehemu yake ya faida. Ninachokiona mara nyingi ni wenzetu kupelekewa mapato yote kwenye jedwali C, ambalo ni la biashara ya mmiliki mmoja, kwa jina la mume peke yake, kwa sababu aliyewajazia kodi hakuuliza kampuni ina wamiliki wangapi. Ombi la MBE litataka marejesho ya kodi ya kampuni na ya kwako binafsi. Kama mkataba unasema nusu kwa nusu, akaunti inasema mume, na kodi inasema mume, afisa ana hadithi tatu mkononi, na hana wajibu wa kuchagua ile inayokupendeza. Fungua bahasha ya kodi ya mwaka jana leo usiku, utafute fomu 1065. Usipoiona, mtafute mhasibu arekebishe miaka iliyopita kabla hujagusa ombi. Adhabu ya kutoipeleka huhesabiwa kwa kila mbia kwa kila mwezi, lakini upo msamaha kwa ubia mdogo ambao wamiliki wake walitangaza mapato yao yote kwa wakati, kwa hiyo usiogope kulifunua jambo hilo.

Kuhusu kubadilisha hisa leo na kuomba kesho, hapana, hesabu haiendi hivyo. Sheria inataka kampuni iwe imemilikiwa na kuongozwa na watu hao hao wanaostahili kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kupewa mkataba. Kampuni yenu ni ya mwaka 2023, lakini wewe hujawahi kuwa na asilimia 51. Mkiandika mkataba mpya tarehe fulani, mwaka huo mmoja unahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, na si kuanzia siku mlipoandikisha kampuni. Ndiyo sababu nasema andikeni sasa, msingoje mpaka zabuni nzuri ionekane.

Mna njia mbili. Ya kwanza ni mume wako akuhamishie hisa. Zawadi kwa mwenzi aliye raia haina kodi ya shirikisho kwa kiwango chochote, na wewe ni raia, kwa hiyo upande huo mko salama. Anaweza kukupa sehemu ili ufikishe 51 au zaidi, au akupe zote na yeye abaki mwajiriwa. Ukiwa mmiliki pekee, kodi ya kampuni itaingia kwenye jedwali C kwa jina lako na fomu 1065 haitahitajika tena. Mkigawana 51 kwa 49, kumbukeni kwamba faida na hasara nazo ni lazima zigawanywe kwa uwiano huohuo. Mkataba unaompa mke asilimia 51 ya hisa na asilimia 20 ya faida haupiti.

Njia ya pili ni uraia wa mume wako, na hapa nadhani hamjajua mlipofika. Mkimbizi anapopewa kadi ya ukaazi, tarehe inayoandikwa kuwa ndiyo mwanzo wa ukaazi wake ni ile aliyoingia nchini. Angalia kadi yake, tarehe imechapishwa palepale. Bila shaka itakuwa ya 2021. Kwa kawaida mtu husubiri miaka 5 tangu tarehe hiyo, lakini aliyeoa raia na kuishi naye kwa miaka 3, ambayo yote mwenzi wake alikuwa raia, anaweza kuomba baada ya miaka 3. Nawe uliapishwa mwaka 2022. Pelekeni karatasi kwa wakili wa uhamiaji au kwa shirika lenye kibali cha kushughulikia kesi hizo awahesabie kwa uhakika. Ombi la uraia huchukua muda wake, kwa hiyo mimi ningefanya yote mawili kwa pamoja, hisa kwanza.

Ombi la MBE lenyewe halina ada. Idara ya Maendeleo ya Ohio ndiyo inayolishughulikia, na kuna vituo vya kusaidia wafanyabiashara wa jamii hizi katika miji mikubwa ya jimbo, Dayton ukiwamo, ambavyo hukaa na wewe kupitia karatasi moja baada ya nyingine bila malipo. Mtu akikuambia umlipe mamia ya dola ili akuombee cheti, mwulize kwanza anafanya nini ambacho kituo hakifanyi.

Binti_Mvita aliandika:

Dada yangu, mimi ni mfasiri hapa Columbus, na nachangia kidogo tu kuhusu makundi, kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa.

Sheria inataja makundi manne: watu weusi, wenyeji wa asili wa Amerika, Walatino, na Waasia. Mwafrika mweusi aliyezaliwa Kongo au Tanzania na akapata uraia anaingia kundi la kwanza bila mjadala. Sisi wengine wa pwani tunahitaji kulitazama jambo hili kwa makini. Kwetu Mombasa mimi ni Mswahili na babu zangu walitoka Hadhramaut kule Yemeni, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni kundi gani. Nilipoleta karatasi zangu kituoni nilielezwa kesi ya Ritchey Produce iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Ohio mwaka 1999: mwenye kampuni alikuwa na asili ya Lebanoni, alinyimwa cheti cha MBE, akadai kwamba anastahili, na mahakama ikasema kwamba hayumo katika makundi yaliyotajwa na kwamba sheria yenyewe ni halali. Kwa hiyo mtu wa asili ya Kiarabu asijaze kisanduku kwa kubahatisha.

Niliposoma kesi ile niliumia, sitaficha. Hata hivyo niliona kuna milango mingine. Upo mpango wa EDGE, ambao unampa mtu nafasi ya kuonyesha hali yake mwenyewe, kwa mfano jinsia, ulemavu, au kuishi muda mrefu katika mazingira yaliyotengwa na maisha ya Waamerika wengi, pamoja na hali yake ya kiuchumi. Upo pia mpango wa kampuni za wanawake, WBE, na huo ndio nilioufuata mimi. Wewe dada, ukishafikisha asilimia zako, unaweza kuomba MBE na WBE kwa karatasi zilezile. Usiache.

Mama_Usafi_Dayton aliandika:

Mungu awabariki nyote. Nimefungua bahasha ya kodi kama nilivyoelekezwa, na ni kweli: ni jedwali C, kwa jina la mume wangu, miaka yote. Fomu 1065 haimo. Kadi yake nayo tumeitoa kwenye pochi tukaisoma pamoja, na tarehe iliyochapishwa ni ya Oktoba 2021, mwezi alioshuka kwenye ndege.

Tulikaa mezani mpaka usiku wa manane. Nilikuwa na woga wa kumwambia mume wangu aniachie hisa, kwa sababu huko tulikotoka jambo kama hilo lingeitisha kikao cha ukoo, na sikutaka aone kwamba namnyang'anya. Alinijibu kwamba kampuni hii watu huita kampuni ya Mama tangu siku ya kwanza na kwamba karatasi ndizo zilizochelewa. Atabaki kuwa msimamizi wa zamu ya usiku kwa mshahara.

Swali langu la mwisho: nikishapata cheti, kazi za usafi za jimbo zipo kweli? Nisije nikasubiri mwaka mzima halafu nikakuta hakuna zabuni ya kuombea.

Mzee_wa_Toledo aliandika:

Mwanangu, marahaba. Swali hili la mwisho wengi huliuliza wakiwa na cheti ukutani tayari, na wewe umeliuliza mapema.

Kwanza ujue fungu lenyewe. Mpango huu ulianza kwa sheria ya mwaka 1980, na kwa bidhaa na huduma unalitaka jimbo litenge takriban asilimia 15 ya thamani ya manunuzi yake kwa zabuni ambazo kampuni zenye cheti cha MBE peke yake ndizo zinazoshindana. Upande wa ujenzi ulikuwa na fungu lake, lakini mahakama ya rufaa ya shirikisho ililiondoa mwaka 2000. Huyo mkandarasi wako wa rangi pengine hata hilo hajalijua. Usafi ni huduma, kwa hiyo uko upande uliosalia.

Lakini usafi una jambo lake, na sipendi ulisikie baadaye. Kabla ofisi ya jimbo haijatangaza zabuni, kuna mipango inayopewa nafasi ya kwanza kisheria, na mmojawapo ni wa mashirika yanayoajiri watu wenye ulemavu mkubwa. Mashirika hayo yanafanya kazi nyingi za usafi wa majengo ya jimbo, na yanazifanya vizuri. Nilipokuwa nikiuza sabuni na karatasi za chooni kwa ofisi za umma, nilikuta majengo mawili jirani, moja likisafishwa na shirika la namna hiyo kwa miaka mingi na jingine likiwa wazi kwa zabuni, na kutoka nje huwezi kuona tofauti. Kwa hiyo usihesabu kila jengo lenye bendera ya Ohio kuwa soko lako. Uliza jengo kwa jengo.

Mimi ningetazama mahali pengine pia. Vyuo vikuu vya umma vina ofisi zao za ununuzi, na wewe uko karibu kabisa na Wright State. Nenda ujitambulishe hata kabla cheti hakijatoka, uulize mkataba wao wa usafi unakwisha lini na kazi zipi ndogo hutolewa nje, kwa mfano kuosha mazulia wakati wanafunzi wako likizo au kusafisha jengo lililokarabatiwa. Kampuni kubwa zenye mikataba ya majengo nazo hutafuta kampuni ndogo zenye cheti za kuzigawia sehemu ya kazi. Ukipata kazi ya namna hiyo hakikisha unaifanya kweli kwa watu wako na vifaa vyako, maana kutumiwa jina kunaweza kukujia hata kwa mlango huo.

Wakati mwaka wako unahesabiwa, kuna mambo ya kuandaa. Jisajili kwenye OhioBuys, ambako zabuni za jimbo hutangazwa, na chagua aina za huduma zako kwa uangalifu ili taarifa zikufikie. Kwa usafi wa majengo, namba ya shughuli katika orodha ya shirikisho ya aina za biashara (NAICS) ni 561720. Hakikisha bima ya fidia kwa wafanyakazi iko hai. Katika Ohio bima hiyo hununuliwa kwa mfuko wa jimbo na si kwa kampuni binafsi, na ofisi nyingi hutaka kuona hati yake kabla mfanyakazi hajaingia mlangoni. Utaletewa pia barua zenye nembo zinazofanana na za serikali zikikudai dola mia kadhaa ili kuandikisha kampuni yako kwa mikataba ya shirikisho. Uandikishaji ule haulipiwi, na kwa kazi za jimbo huuhitaji. Zitupe.

Usichanganye pia cheti hiki na kile cha DBE cha miradi ya barabara na viwanja vya ndege inayolipiwa na Wizara ya Uchukuzi ya shirikisho. Kile kilibadilishwa Oktoba 2025, na sasa haitoshi mtu kuwa wa kundi fulani au kuwa mwanamke. Kila mmoja ni lazima aeleze na kuthibitisha hali yake mwenyewe. Watu wamesikia habari ile wakadhani kila kitu kimefutwa. MBE ni sheria ya Ohio, nayo ina masharti yake.

Jambo la mwisho ni fedha, na hapa nimeona kampuni nzuri zikizama. Jimbo hulipa, lakini hulipa baada ya siku 30 tangu lipokee ankara iliyo sahihi, na ankara yenye kosa moja inarudishwa, siku zinaanza upya. Wafanyakazi wako sita wanalipwa kila wiki mbili. Ukipata kazi itakayokuongezea watu wanne, utawalipa mishahara ya wiki nne, labda sita, kabla hujaona senti ya jimbo. Hizo wiki sita ziwe zimekaa benki kabla hujatia sahihi mkataba wa kwanza.

Mama_Usafi_Dayton aliandika:

Shikamoo mzee, na asante kwa kunieleza bila kunipaka mafuta. Kituo cha hapa Dayton kimenipa miadi ya Alhamisi saa tatu asubuhi, nami nitapeleka mkataba wa zamani, rasimu ya mpya, na marejesho ya kodi jinsi yalivyo. Leo asubuhi tulikwenda benki wote wawili tukiwa na mtoto mgongoni. Yule dada wa benki alinigeuzia karatasi, nikatia sahihi kwenye mstari wa kwanza, mume wangu akafuta jina lake kwenye haki ya kutoa hundi. Mkandarasi wa rangi nimemjibu kwa maandishi.

Baba Furaha, naomba unijibu hili moja tu: tarehe ya kuanza kuhesabu mwaka ni ile tutakayotia sahihi mkataba mpya, au ni ile ya leo tuliyobadilisha benki?

Baba_Furaha aliandika:

Hesabu kuanzia siku ya mkataba wenye sahihi zenu zote mbili, dada, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi inayohamisha umiliki. Mbadilishe na gari wiki hiyohiyo, na mtie sahihi mkataba huo mbele ya mthibitishaji wa hati ili tarehe isije ikabishaniwa na mtu. Ukitoka kituoni Alhamisi, tuandikie walichokuambia.